Besi Iliyoshinda Fonografu

Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa sawasawa, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Masasi, kisha akapanda uwandani hadi Newala. Katika mizigo yake kulikuwa na fonografu. Haikutumia umeme hata kidogo: watu wanaimba mbele ya pembe, mtetemo unachora mfuo kwenye nta. Kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka 1908.

Sasa tujiulize, pembe ile ilisikia nini? Waimbaji, ndiyo. Lakini mngurumo wa ngoma kubwa, ule unaoupokea kwa kifua kabla ya sikio, ulikuwa mzito kwake. Mashine za aina ile zote zilikuwa dhaifu kwenye sauti za chini. Ilibidi kungoja miaka ya 1920, kurekodi kwa umeme kulipoanza.

Ndiyo maana kijana anayefunga sabufa kwenye gari, pesa za korosho zikishaingia, simwoni kama mharibifu wa mila. Anachokitafuta ni kilekile kilichoishinda ile nta.

Na kazi yake ina adabu zake. Waya wa chanya unatoka kwenye betri, na fyuzi inakaa jirani na betri, siyo kule mwisho. Sabufa mbili za omu 4 ukiziunga sambamba, amplifaya inakutana na omu 2. Ukiziunga kwa mfululizo, omu 8. Kama haikuundwa kubeba omu 2, itachemka na huenda ikaungua. Ukikosea chanya na hasi kwenye sabufa moja, hii inasukuma hewa huku ile inavuta, besi inakufa. Asiyejua huongeza sauti tu! Fundi anazima, anakagua waya. Mpiga ngoma naye, ngozi ikilegea, haongezi nguvu za mikono. Anaiota motoni mpaka ikaze.

Linaloniuma ni jingine. Weule alikuwa na mashine isiyoiweza besi, ila alirekodi watu wa hapa. Sisi besi tunayo, simu ya kurekodi iko mfukoni, na bado kinachonguruma kwenye gari mara nyingi ni singeli ya Dar. Haina ubaya, tunaicheza. Lakini ngoma za Newala zenyewe, nani anazirekodi wapigaji wake wakiwa hai?