Leta Kipande

Ukiingia benki pale Voi, au ukisimama dirishani kwenye ofisi ya serikali Mwatate, utaambiwa tu: "Leta kipande." Unatoa kitambulisho, mambo yanaendelea. Neno lenyewe limetoka wapi, nani anajali? Lakini kuna waliolibeba shingoni.

Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, mwaka uleule Waingereza walipotandaza reli kutoka Voi kupitia Mwatate, wakapigane na Wajerumani upande wa Taveta. Vita vilipokwisha, sheria ikaanza kuuma. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alipaswa kuwa na kipande akitoka nje ya rizavu: karatasi yenye jina, kabila na alama za vidole, ndani ya kikopo cha chuma.

Ujanja haukuwa kwenye wino wa vidole. Ulikuwa kwenye nafasi aliyoachiwa mwajiri. Humo aliandika umeanza kazi lini, mshahara wako kiasi gani, na siku aliyokuachilia. Asipotia sahihi ya kukuachilia, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukuandika kazi. Ukihama, bosi mpya anasoma ulicholipwa kwa yule wa zamani, utaombaje zaidi? Na ukitoroka shamba la mkonge, mwenye shamba anapeleka taarifa, rekodi zinafunguliwa Nairobi, polisi wanaanza kukusaka. Serikali ilikusanya, mlowezi akatumia. Wewe mwenye habari hukuulizwa.

Harry Thuku alikipinga kipande hadharani, akakamatwa Machi 1922. Mwaka 1947 sheria mpya ikataka watu wa rangi zote wasajiliwe. Wazungu walipoambiwa nao watoe alama za vidole, wakapiga kelele: hayo ni mambo ya wahalifu! Kumbe walijua.

Mwaka 2019 tulipanga foleni ya Huduma Namba, mpango wa kuweka habari zetu mahali pamoja ili ofisi nyingi za serikali zizitumie. Safari hii watu walienda kortini. Januari 2020, Mahakama Kuu ikakataza kuchukua DNA na kunasa mahali mtu anapoishi kwa GPS, na ikataka kanuni za kulinda data ziwepo kwanza. Sheria ya Kulinda Data, ya Novemba 2019, inakupa haki ya kuambiwa habari zako zinachukuliwa kwa nini, na nani mwingine atapewa.

Kwa hiyo, siku nyingine ukiambiwa leta kipande, kilete. Halafu uliza: baada yako wewe, nani mwingine atakisoma?