Mlingoti wa Bendera: Vita vya Mrima vya 1888–1890 kama Somo la Siasa za Kimataifa

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika siasa za kimataifa hufundishwa mapema kwamba mfumo wa dola zenye mamlaka kamili ulizaliwa Westphalia mwaka 1648, kisha ukaenea duniani. Katika masimulizi hayo, pwani ya Mrima hutokea kama ardhi iliyogawanywa na wengine. Makala haya yanadai kwamba matukio ya Bagamoyo, Saadani na Pangani kati ya 1888 na 1890 yalikuwa mgogoro wa kimataifa, na kwamba watu wa Mrima waliingia katika mgogoro huo wakiwa na fikra yao wenyewe kuhusu mamlaka.

Kabla ya 1888, mamlaka ya Bagamoyo yalikuwa ya ngazi nyingi. Liwali aliiwakilisha enzi ya Sultani wa Zanzibar. Majumbe wa Kishomvi walikuwa na haki zao za kale juu ya mji na ada walizopokea kutokana na biashara ya misafara ya bara. Washomvi nao walitoa kanda la pazi kwa viongozi wa Kizaramo, kama kumbukumbu ya msaada waliopewa dhidi ya Wakamba. Hakuna aliyetawala peke yake. Kumtii Sultani hakukumaanisha kumpa milki ya kila kitu, wala ruhusa ya kukiuza.

Fikra hiyo ilikutana na nyingine iliyojengwa juu ya karatasi. Mwishoni mwa 1884, Carl Peters alikusanya mikataba Usagara na maeneo jirani, na Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaitambua. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba milki ya Sultani barani ni ukanda wa maili 10 tu kutoka baharini. Tarehe 28 Aprili 1888, Sultani Khalifa bin Said aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na forodha za ukanda huo kwa miaka 50. Hata hivyo, mkataba ulitamka kwamba Kampuni itatawala kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake.

Agosti 1888, Kampuni ilipoanza kazi, ugomvi ulizuka kwenye mlingoti. Maofisa wake walitaka bendera ya Sultani iondolewe kwenye nyumba ya liwali. Kwa Kampuni, hilo lilikuwa suala la utaratibu. Kwa wenyeji, lilikuwa tangazo kwamba ngazi zote za mamlaka zimefutwa, na Sultani ametoa kisichokuwa chake. Pangani iliinuka chini ya Abushiri bin Salim, Saadani chini ya Bwana Heri, na Septemba Bagamoyo ikashambuliwa.

Serikali ya Bismarck iliyaita mapambano hayo uasi wa Waarabu na wafanyabiashara ya watumwa. Jina hilo lilikuwa na kazi ya kidiplomasia. Liliwezesha Ujerumani na Uingereza kuizingira pwani kwa manowari, na Januari 1889 bunge la Ujerumani likaidhinisha mark milioni 2 kwa ajili ya Hermann Wissmann na jeshi lake la askari wa kukodi kutoka Sudani na Msumbiji. Hata hivyo, matendo ya Wajerumani yalikanusha jina walilolitumia. Wamisionari waliotekwa Pugu mwezi huohuo walikombolewa kwa mazungumzo yaliyopitia misheni ya Wafaransa ya Bagamoyo, na maofisa wa manowari walijadiliana na Abushiri kuhusu kusitisha vita. Mtu anayejadiliwa naye hivyo ni upande katika mgogoro.

Hoja hii isigeuzwe kuwa sifa. Abushiri mwenyewe alikuwa na mashamba yaliyolimwa na watumwa. Utafiti wa Jonathon Glassman umeonyesha kwamba wapagazi, watumwa na wakazi maskini wa miji waliingia vitani wakiwa na madai yao, ambayo mara nyingine yaliwatisha hata viongozi wao. Mrima haikuwa na sauti moja.

Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na Bwana Heri akasalimu amri mwaka uliofuata. Kwa mkataba wa Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, na baada ya Sultani kulipwa mark milioni 4, pwani ikawa ya Wajerumani moja kwa moja. Malipo hayo ni ushahidi muhimu: Ujerumani ilinunua mwaka 1890 kile ambacho tangu 1888 Kampuni ilikabidhiwa kukitawala kwa jina la Sultani tu.

Kwa hiyo, kuupa mtaala mtazamo usio wa Kimagharibi hakutimizwi kwa kuongeza mfano wa Kiafrika chini ya nadharia ileile. Mtafiti anapaswa kuanza na maneno ambayo wahusika walifikiria kwayo: enzi, ada, kanda, liwali, jumbe. Ushahidi wa Kiswahili upo, ukiwamo utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy kuhusu vita hivyo. Ukisomwa pamoja na mikataba, swali la nani alikuwa na haki ya kuitoa Bagamoyo linabaki wazi, na hapo ndipo somo la siasa za kimataifa linapopaswa kuanzia.