Bomba la Concorde na Probu Inayokubali Kusukumwa

Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwangu hudhani probu ya mashine ya vipimo ni mambo ya kompyuta. Nawaambia chanzo chake ni bomba, na ukiijua shida iliyoizaa, nusu ya magonjwa yake umeshayajua.

Mashine zenyewe ziliitangulia. Kampuni ya Ferranti ilizitengeneza Scotland tangu miaka ya 1950, zikiwa na ncha ya chuma kigumu. Mpimaji aliisukuma kwa mkono hadi iguse kazi, kisha akasoma namba. Kwa kipande kizito, sawa. Bomba jembamba ukilisukuma linapinda, na unachosoma ni mpindo ulioutia mwenyewe.

Mabomba ya mafuta ya injini za Olympus, zile za ndege ya Concorde, yalikuwa ya namna hiyo. Mwaka 1972 David McMurtry, mhandisi wa Rolls-Royce mzaliwa wa Dublin, akabuni probu inayokubali kusukumwa. Sindano yake imebebwa na vijiti vitatu, kila kimoja kimekalia gololi mbili, na springi inavikandamiza. Umeme mdogo unapita katika migusano hiyo sita. Sindano ikigusa kitu, kijiti kinaanza kuachana na gololi zake, ukinzani wa umeme unapanda, na mashine inanasa namba papo hapo. Ukiondoa mguso, springi inarudisha vijiti palepale vilipokuwa. Mwaka uliofuata yeye na John Deer wakaanzisha kampuni ya Renishaw.

Uhai wote wa probu umo katika migusano hiyo sita, ndiyo maana nikiletewa iliyougua naanzia hapo. Taa ikionyesha imeguswa na kumbe haijagusa chochote, wengi hukimbilia kebo na programu. Mimi nafunga kwanza sindano fupi na nyepesi. Sindano ndefu, nzito, huilemea springi, na mashine ikienda kasi vijiti huinuka vyenyewe. Kuna probu ambazo springi yake hukazwa, na hapo ndipo wenye haraka huharibu kazi: ukikaza mno, sindano inapinda zaidi kabla ishara haijatoka, na kosa linajificha ndani ya kipimo. Ikiwa ugonjwa umebaki, migusano imelika, na kuifungulia probu mezani ni kuimaliza. (Nimeona bisibisi ya saa ikifanya mauaji hayo.)

Probu ya TP20 ya Renishaw ilipunguza gharama ya kutupa probu nzima. Sehemu ya migusano ni moduli inayoshikiliwa kwa sumaku, nayo hung'oka ikigongwa na huweza kubadilishwa peke yake. Lakini sumaku huvuta unga wa chuma, na chembe moja tu kwenye uso wake huikalisha moduli upande. Chembe hizo ninazibandua kwa kitu chenye kunata. Kitambaa huzisogeza tu.

Kabla ya kuagiza moduli mpya, tazama gololi ya yakuti kwenye ncha kwa lenzi. Ikiburuzwa juu ya alumini kwa kazi ya kuskani, alumini huigandia, na kipenyo ulichokipima asubuhi kwenye tufe la kukagulia si hicho tena. Kwa kazi hiyo chukua gololi ya nitridi ya silikoni. Zirkonia iweke kwa chuma cha kalibu, ambacho huisaga yakuti.