Barua ya Mwajiri na Namba ya Mtihani

Februari iliyopita binti wa jirani yangu alikuja nyumbani magharibi, akaniamkia, akakaa kwenye kigoda cha jikoni bila hata kuvua mkoba begani. Mkononi alikuwa na karatasi moja aliyoikunja mara nne. "Shangazi, nimefeli," akasema. Nikaikunjua. Ilikuwa imeandikwa 645.

Mjomba wake, aliyesoma nje zamani, alikuwa amemwambia kwamba mtu mwenye alama chini ya 700 asijisumbue kuomba chuo chochote kikubwa cha biashara. Nilimpakulia wali kwanza. Aliposhiba nikamweleza kuwa mjomba anampimia kwa pishi ambayo haiko tena sokoni. Tangu mwishoni mwa 2023 mtihani wa GMAT una toleo jipya: alama zake zinaanzia 205 hadi 805, na zote huishia na 5. Hiyo 645 yake inakaribiana sana na 700 ya enzi za mjomba. Binti alilia, safari hii kwa sababu nyingine.

Tangu nistaafu benki nimesaidia vijana wengi kujaza fomu za vyuo hivi, na swali lao la kwanza ni lile lile: "Nitapata?" Silijibu kabla sijawaeleza kipimo chenyewe kilitoka wapi.

Joseph Wharton, tajiri wa viwanda vya madini, alitoa dola 100,000 mwaka 1881 ili Chuo Kikuu cha Pennsylvania kifungue shule ya biashara. Mwaka 1908 Harvard ikaanzisha shahada ya uzamili inayoitwa MBA, ya kwanza ya jina hilo. Wakati huo hapakuwa na mtihani wa pamoja wa kuwapanga waombaji. Mambo yalibadilika baada ya Vita Kuu ya Pili. Sheria ya 1944 iliwalipia karo askari wa Marekani waliorudi kutoka vitani, na vyuo vikafurika. Msajili anapoletewa vyeti kutoka vyuo mia tofauti, kila kimoja na ukali wake wa kusahihisha, atajuaje nani ni nani? Mwaka 1953 vyuo tisa vya biashara vilikaa pamoja vikakubaliana kutunga mtihani mmoja kwa msaada wa wataalamu wa mitihani wa Princeton, na mwaka uliofuata ukafanywa. Jina la GMAT lilikuja baadaye, 1976.

Kwa hiyo namba hii ilitungwa imsaidie msajili aliyezidiwa na mafaili. Kazi yake ni kukisia kama mwombaji ataweza masomo ya mwaka wa kwanza. Zaidi ya hapo haijui lolote. Na ilikuwepo miaka kadhaa huku mwanamke, awe na alama ya juu namna gani, hawezi kuanza mwaka wa kwanza wa MBA pale Harvard. Mlango huo ulifunguliwa 1963, wakaingia wanawake wanane. Wasichana wanaponiambia nafasi zao ni ndogo, huwa nawatajia hao wanane.

Kwetu Tanzania kipimo kilikuwa kingine kabisa. Novemba 1974 Azimio la Musoma lilikata njia ya kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu. Ukimaliza Jeshi la Kujenga Taifa, unafanya kazi angalau miaka miwili, kisha unaomba ukiwa na barua mbili: ya mwajiri na ya tawi la chama, TANU kwanza, na baada ya 1977 CCM. Idadi ya wasichana Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilishuka hadi ikabidi wao waondolewe sharti hilo.

Kaka yangu mkubwa alipita njia hiyo. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua Kitivo cha Biashara na Menejimenti, ambacho leo ni Shule Kuu ya Biashara, yeye alikuwa karani wa fedha katika shirika moja la umma. Mkuu wake wa idara alikalia barua yake miezi saba. Hakukataa, hakuandika. Mwishowe aliyemwandikia ni mhasibu, mzee mmoja mkali aliyekuwa akihesabu naye fedha za kasiki kila jioni.

Nakala ya kaboni ya barua ile ninayo mimi, kwenye sanduku la marehemu mama. Karatasi ni nyembamba kama ganda la kitunguu na wino umefifia ukawa zambarau. Ina mistari minne tu. Inasema kijana huyu hufika kabla ofisi haijafunguliwa, kwamba kwa miaka miwili hesabu zake hazijapungua hata senti, na kwamba mara moja alimwonyesha mwandishi wa barua kosa lake mwenyewe, kwa adabu. Kaka alipata nafasi. Azimio lile lilikuwa na ubaya wake, kwa maana liliweka maisha ya kijana mikononi mwa bosi mmoja au mwenyekiti mmoja. Lakini swali lake, yaani waliofanya kazi nawe wanasemaje, sijaona la kulishinda.

Mimi nilifanya mtihani wa GMAT 1993, kwa penseli, nikijaza vijiduara. Jibu la kukosea lilikupunguzia robo alama, hivyo kubahatisha kulitaka moyo. Dola za ada nilizinunua kwenye duka la kubadilisha fedha. Kabla ya sheria ya fedha za kigeni ya 1992 ningehangaika kuomba kibali. Vyuo viwili vilinikataa. Cha tatu kilinipigia simu ya usaili ofisini, na swali la kwanza lilihusu barua ya msimamizi wangu. Alama zangu hawakuzitaja kabisa.

Sikushangaa baadaye niliposoma kwamba Harvard yenyewe, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, iliacha kudai GMAT kwa takriban muongo mzima kabla ya kuirudisha. Na zamani Wamarekani wengi waliingia MBA moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Taratibu vyuo vikataka watu walioshika kazi. Leo wanafunzi wa vyuo vikubwa wengi wana miaka minne au mitano kazini. Kwa hilo wamefika pale pale Musoma ilipotaka, ila bila mwenyekiti wa tawi.

Basi nilimuuliza yule binti, ambaye ana miaka minne kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, nani atamwandikia barua. Akanitajia mkurugenzi.

"Anakujua?"

"Tumesalimiana mara mbili, shangazi. Ila cheo chake ni kikubwa."

Nikamtolea barua ya kaka. Aliisoma amesimama karibu na taa, akairudia, akaniomba aipige picha. Kesho yake alimwendea msimamizi wake wa zamu bandarini, mama anayesaini naye nyaraka za makontena tangu siku ya kwanza.

Awamu ya kwanza ya maombi hufungwa Septemba. Yule mama ameshaanza kuandika.