Mbau: kanisa la parokia na vyombo vyake, kutoka mlangoni hadi sakristia

Mbau iko karibu kilometa 20 kaskazini mwa mji wa Beni, kwenye barabara ya taifa namba 4 inayopanda Oicha na Eringeti, pale njia ya Kamango inapokata kuelekea mashariki. Parokia ya Wakatoliki ya hapo inaitwa Notre-Dame des Pauvres, ni kusema Bikira Maria wa Maskini. Jina hilo ni la Banneux, kijiji cha Ubelgiji ambako binti wa miaka 11, Mariette Beco, alisema alimuona Bikira Maria mara 8 kati ya Januari na Machi 1933. Mapadri wa shirika la Assomption waliofika eneo la Beni mwaka 1929 walitoka Ubelgiji, kwa hiyo si ajabu jina hilo kufika hadi huku.

Wengi wanaingia kanisani kila Jumapili bila kujiuliza kwa nini kila kitu kimewekwa pale kilipo. Mpango wenyewe ni wa zamani sana. Kule Uingereza, makanisa ya parokia yaliyojengwa miaka 700 au 800 iliyopita yalikuwa na sehemu mbili: ya waamini, na ile ya altare upande wa mashariki, jua linapotokea. Katikati palikuwa na ukuta wa mbao wenye matundu. Kazi ya kutengeneza nayo iligawanywa: padri alisimamia sehemu ya altare, waamini wakatengeneza paa la sehemu yao. Mtu wa Mbau ataelewa haraka. Huku pia matofali ya kuchoma, mchanga na mawe ya kanisa vinabebwa na wakristo wenyewe, kwa salongo.

Kitu kimoja kitashangaza wengi: yale makanisa ya zamani kwa muda mrefu hayakuwa na mabenchi. Watu walisimama au walipiga magoti chini. Wazee na wagonjwa tu ndio waliegemea ukuta.

Altare ndiyo kitovu. Zamani padri alisoma misa akitazama altare, mgongo kwa watu, kwa Kilatini. Kisha Mtaguso wa pili wa Vatikano, ulioanza 1962 na kumalizika 1965, ulifungua mlango wa mabadiliko: altare ikasogezwa mbali na ukuta, padri akageukia watu, lugha za watu zikaingia. Ndiyo maana katika kanisa la zamani unaweza kuona altare mbili, moja imebaki nyuma ukutani.

Tabernakulo inawekwa Ekaristi, na taa inawaka karibu yake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka isiweze kuhamishwa, itengenezwe kwa kitu kigumu kisichoonyesha ndani, na ifungwe kwa ufunguo. Kiti cha maungamo kinatakiwa kuwa na wavu kati ya padri na anayetubu, kwa yule anayetaka kuutumia.

Kisima cha ubatizo nacho ni lazima katika kila kanisa la parokia. Uingereza ya zamani kilikaa karibu na mlango, juu ya maana: mtoto anaingia Kanisani kwa ubatizo. Katika karne ya 13 maaskofu wa kule waliamuru kiwekewe kifuniko na kufuli, kwa sababu watu waliiba maji yake kwa mambo ya uchawi. Basi tatizo hilo halikuanzia Afrika.

Lakini chombo ambacho wakaaji wa Mbau wangepaswa kukijua zaidi hakionekani wakati wa misa. Ni buku la ubatizo. Mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia ya Uingereza iandike ubatizo, ndoa na mazishi, na buku liwekwe ndani ya sanduku lenye kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa padri, mwingine kwa wasimamizi wa kanisa. Mmoja peke yake hawezi kufungua. Masanduku kama hayo bado yanaonekana katika makanisa ya kule.

Katika parokia ya leo buku hilo linaandikwa jina la mtoto, wazazi, wasimamizi, aliyebatiza, mahali na tarehe ya ubatizo, pia tarehe na mahali alipozaliwa. Baadaye kipaimara na ndoa vinaongezwa pembeni ya jina lile lile. Karata ya batizo haichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa. Hicho kinatoka kwa ofisi ya serikali, na sheria ya Kongo inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto. Lakini kwa familia iliyokimbia usiku na kuacha kila kitu, mstari ule unaweza kuwa maandishi pekee yanayosema mtoto alizaliwa lini na ni wa nani.

Na Mbau imejua kukimbia. Tarehe 19 Oktoba 2012 mapadri watatu wa Assomption walitekwa katika parokia hiyo. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika wilaya ya Beni yamesukuma watu kuhama, kurudi, kuhama tena. Benchi litachongwa lingine. Buku likiungua, hakuna fundi wa kulitengeneza, kama nakala haikuwekwa mahali pengine.

Anayepoteza karata yake aulize kwanza parokia alipobatizwa, siyo ile anapokaa sasa, akitaja mwaka na jina la msimamizi wake. Buku likikosekana, sheria ya Kanisa inakubali ushuhuda wa mtu mmoja wa kuaminika, kama haumdhuru mtu yeyote. Aliyebatizwa akiwa mtu mzima anaweza kuapa mwenyewe.