Kutwika, Kubeleka, Kupakata

"Linayumba!"

Neno hilo lilinitoka kabla sijafikiri. Tulikuwa kwenye barabara kuu ya I-35, tumebakiza maili chache kuingia Duluth, Minnesota. Mpwa wangu alikuwa anaendesha, mimi nimekaa nyuma na watoto wake wawili. Lori kubwa lilitupita kushoto, upepo wake ukatupiga ubavuni. Nilipogeuka, nikaona kupitia kioo cha nyuma tela letu dogo la kulala likienda mrama, huku na huku, na baiskeli mbili zilizofungwa kwenye mgongo wake zikilivuta kila lilipotaka kunyooka.

Mpwa wangu hakuniuliza nina maana gani. Aliachia mafuta taratibu, akaushika usukani sawasawa bila kukanyaga breki kwa ghafla, tela likatulia. Tukaingia kituo cha mapumziko cha Thompson Hill, juu ya kilima. Chini yetu lilionekana Ziwa Superior, na mbele yetu ulikuwapo mteremko mrefu wa kushukia mjini.

"Mjomba," akaniambia tukilizunguka tela, "huku kila kipande cha mambo haya kina jina lake. Lakini nikitaka kumweleza mama mkwe kwa simu jinsi tunavyosafiri na baiskeli za watoto, nakwama."

Nimefanya kazi ya tafsiri kwa miaka mingi, na kauli hiyo ya kukwama naifahamu. Lakini muda mfupi tu kabla ya hapo, kwenye hatari ya kweli, mimi na yeye hatukukwama. Neno moja lilitosha. Kuyumba ni neno la chombo baharini na la mtu aliyeishiwa nguvu miguuni, na siku ile lilikuwa la tela bila kuomba ruhusa kwa mtu. Nikaanza kuhesabu maneno mengine tuliyo nayo.

Ya gereji yapo tele. Tela lenyewe madereva wa malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma wanalitaja kila siku, na Wakenya husema trela. Ekseli, bampa, springi na nati ni maneno ya fundi, na fundi hana shaka nayo. Chuma cha kuwekea mzigo juu ya gurudumu la nyuma la baiskeli ni keria, na kile cha juu ya paa la gari nacho ni keria. Baiskeli yenyewe jina lake tulilichukua kwa Waingereza, ingawa ndugu zetu wa Katanga wataiita kinga. Maneno haya yameingia, yamevaa viambishi vyetu, yamekaa. Anayetaka kuyafukuza anataka kumfukuza fundi.

Shida ni kwamba keria inataja chuma tu. Haisemi mzigo umekaa wapi, na kwa mtu anayevuta tela dogo, swali la wapi ndilo linaloamua kama atafika salama. Baiskeli zinaweza kukaa juu ya paa la gari, nyuma ya tela, au mbele ya tela pale juu ya vyuma viwili vinavyokutana kama pembe tatu kwenye kiungio. Kiingereza kina jina moja la chuma, kisha kinaongeza mahali: cha paa, cha nyuma, cha mbele. Kiswahili kina njia nyingine, nayo ni ya kitenzi.

Mzigo wa kichwani unatwikwa. Mtoto wa mgongoni anabelekwa, na nguo yake ni mbeleko. Mtoto wa mapajani anapakatwa. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili atakayechanganya matatu hayo, kwa sababu mwili wake unayajua. Basi gari lenye baiskeli juu ya paa limetwikwa. Tela lenye baiskeli nyuma limebelekeshwa. Na tela lenye baiskeli mbele, kati yake na gari, limezipakata. Nilimwambia mpwa wangu maneno hayo matatu, akampigia mama mkwe wake palepale. "Mama, tela tumelibelekesha baiskeli, limeelemewa." Mama yule, ambaye hajawahi kuona tela la kulala, akajibu: "Sasa mnalibelekesha mtoto mkubwa hivyo kwa nini?"

Swali lake lilikuwa sahihi, tena kwa hesabu. Waliowahi kuchota maji kwa mzega wanaijua hesabu hiyo: mti begani, ndoo mbele, ndoo nyuma. Tela la ekseli moja ni mzega, na ekseli ndiyo bega. Ndoo ya nyuma ikizidi, ya mbele inapaa. Kanuni inayofuatwa Marekani ni kwamba tela liegemeze kwenye gari kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake. Chukua tela la kilo 700 linaloegemeza kilo 77, yaani asilimia 11. Nyuma yake funga baiskeli mbili na keria yake, kilo 45 kwa jumla, mita 2 nyuma ya ekseli, na kiungio kiwe mita 3 mbele ya ekseli. Kilo 45 mara 2, gawa kwa 3: kilo 30 zimenyanyuliwa kutoka mbele. Zimebaki 47, kwenye tela ambalo sasa lina kilo 745. Ni asilimia 6 na kidogo. Tela la namna hiyo linangoja upepo wa lori tu.

Tena sisi baiskeli tulizifunga kwenye bampa. Bampa ya nyuma ya matela mengi ya Marekani ni bomba la mraba la inchi 4, la chuma chembamba, na ndani yake watu huweka mpira wa kumwagia maji machafu. Nilipoishika na kuitikisa, baiskeli zote mbili ziliitikia.

Kuzipakata mbele nako kuna gharama yake. Kilo 45 zilezile zikiwekwa nusu mita nyuma ya kiungio, gari linaongezewa kilo 37 na nusu, na egemeo linavuka kilo 110. Ulaya keria ya mbele ya tela hupendwa sana, lakini magari mengi ya huko hayaruhusiwi kuegemezwa hata kilo 100. Na dereva akikata kona kali, usukani wa baiskeli unaweza kugonga gari.

Hapa ndipo mtafsiri anapoteleza. Chuma cha mbele cha tela, kile chenye kiungio, Wamarekani hukiita ulimi, Waingereza wakausema uzito wake kuwa ni wa pua, Wafaransa wakaona mshale, na Wajerumani wakabaki na jina la mti wa mkokoteni wa farasi. Kila taifa lilitazama chuma kilekile kwa jicho lake. Tukiandika "uzito wa ulimi" tumeazima jicho la mtu, na tumepotosha, kwa sababu kwetu mwenye ulimi mzito ni yule ambaye maneno hayamtoki vizuri. Msomaji wa Tanga au Lamu atalionea huruma tela kwa kigugumizi chake.

Jicho letu liko baharini. Mbele ya jahazi ni omo, nyuma ni tezi, na chini katikati, pale maji yanapokusanyika na kufutwa, ni ngama. Uzito unaowekwa makusudi ili chombo kisiyumbe ni farumi. Nahodha hajifunzi maneno hayo ili apambe mazungumzo. Anayahitaji kila anapopakia, kwa sababu shehena ikizidi tezi chombo hakisikii usukani vizuri, na ikizidi omo kinainamia wimbi. Tela haliko majini, lakini limerithi tatizo lilelile, na kwa hiyo lina haki ya kurithi maneno yaleyale. Uzito wa omo, shehena ya tezi: msomaji wa pwani ataelewa bila kamusi, na wa bara ataelewa kwa kuelezwa mara moja.

Wapo watakaosema kwamba matela ya starehe ni mambo ya Wamarekani na lugha yake iwe ya kwao. Lakini tazama waliyoyafanya wenyewe: Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya matela ya Airstream, aliongoza msafara wa matela kutoka Cape Town hadi Cairo mwaka 1959 na 1960. Mwaka 1961 kampuni ikatoa tela dogo la futi 16, ikaliita Bambi. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, jina hilo lilitokana na neno la Kiumbundu cha Angola, lugha ya Kibantu kama yetu, la mnyama wa jamii ya paa, mdogo wa mwili lakini imara wa miguu. Walitaka kusema tela hilo linatendaje, si limeundwa kwa kitu gani, na jina wakalipata katika lugha ya Kibantu. Sisi tuna sababu gani ya kuona haya?

Lugha hii ilikuzwa na wabeba mizigo. Wapagazi waliokwenda kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, mabaharia waliosubiri kaskazi na kusi, akina mama walioingia shambani na mtoto mgongoni: hao ndio waliounda msamiati wa uzito. Mpagazi aliyekosea kufunga mzigo wake alilipa kwa bega lake, kila hatua, siku nzima. Maneno yaliyotoka katika maumivu hayo yana usahihi ambao kikao cha istilahi hakiwezi kuubuni kwa alasiri moja.

Pale Thompson Hill tulizishusha baiskeli, tukakunja kitanda cha tela, tukatandika blanketi na kuzilaza sakafuni, moja kichwa huku, moja kichwa kule, juu ya ekseli kabisa. Tukazifunga kwa kamba kwenye miguu ya meza. Mteremko wa Duluth tuliushuka polepole, nami nikigeuka nyuma kila mara. Tela halikuyumba. Kesho yake watoto waliziendesha kwenye njia ya Gitchi-Gami karibu na maporomoko ya Gooseberry. Mzigo wetu nao ulikuwa umerudi katikati, kama wazee walivyosema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Kwa wenzangu wa tafsiri na istilahi, ombi langu ni moja. Ukiletewa kifaa kipya cha kubebea kitu, usianze kwa kuuliza wenzetu wanakiitaje. Uliza kwanza mzigo umekaa wapi: kichwani, begani, mgongoni au mapajani. Kitenzi chake kipo tayari, na jina litatoka humo.