Nani alichimba mapango ya Mlima Elgon?

Mwaka 1883 msafiri Joseph Thomson wa Scotland alifika miteremko ya kusini ya Elgon, akakuta familia zikiishi na ng'ombe wao ndani ya mapango makubwa. Alipoyatazama yalivyochongeka, akaamini yalichimbwa na watu wa kale.

Kumbe wachimbaji wengine wapo hadi leo, na wana pembe. Maji ndiyo yaliyoanza kuula mwamba huu laini uliotokana na majivu ya volkano, kisha ndovu wakaendeleza kazi. Katika Pango la Kitum, linaloingia ndani kiasi cha mita 200, ndovu huja usiku wakitafuta chumvi. Humo ni giza totoro. Hupapasa njia kwa mkonga, hutia pembe ukutani mpaka kipande kimeguke, halafu hukitafuna. Mikwaruzo ya pembe hizo, vizazi juu ya vizazi, unaweza kuigusa kwa kidole. Kwangu mimi, hakuna kumbukumbu ya kale mlimani hapa inayoishinda.

Mpaka wa Kenya na Uganda unaoukata mlima huu ulikuja baadaye sana. Mwaka 1902 Waingereza waliikata Uganda sehemu yake ya mashariki wakaiunganisha na nchi ambayo sasa ni Kenya, na mlima ukabaki na wenyewe wawili. Kilele kikuu, Wagagai, chenye mita 4,321, kipo Uganda. Kitum ipo Kenya. Wabukusu wakatenganishwa na ndugu zao Wagisu, na Wasabaot na ndugu zao Wasabiny.

Kenya ilitangaza hifadhi yake mwaka 1968, Uganda ikafuata miaka ya 1990. Msitu ulihitaji ulinzi, hilo silipingi. Lakini waliolipa gharama ni wenyeji wa msitu: Wabenet upande wa Uganda, na upande wa Kenya Waogiek wa Chepkitale, ambao ardhi yao ilifanywa hifadhi mwaka 2000. Dhuluma hiyo haifai kufichwa nyuma ya picha nzuri za watalii.

Anayepanda kutoka Budadiri, Uganda, hupita mashamba ya kahawa na migomba, msitu mnene, mianzi, mpaka kwenye lobelia zinazompita mtu kimo. Upande wa Kenya, lango la Chorlim ndilo lililo karibu na Kitum. Mwaka 1980 na 1987 watu wawili waliokuwa wameingia pangoni humo walifariki kwa virusi vya Marburg, ambavyo baadaye viligunduliwa kwa popo wake. Ukutani tazama, popo na kinyesi chao usiviguse.